Ufunguo Kwenye Msumari

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, zimeni redio kwanza. Mimi sina maneno ya kupamba. Kusoma nilijifunza nikiwa mama mzima, kwenye darasa la ngumbaru, nimebanwa katika dawati la mtoto, na haya nimeandika kwa mkono wangu. Mjukuu amenisahihishia vituo tu. Nimemkataza kugusa maneno.

Nataka kuwaambia habari za mama mmoja tuliyekaa naye jirani Eastlands, Nairobi, nyuma ya Soko la Burma, lile la nyama, miaka ya sabini na kuingia ya themanini. Jina lake silitaji. Alizaliwa wapi na ni wa mlango gani, mwulizeni mtu mwingine. Mimi namjua kwa kazi moja. Alikuwa mfungua mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa chumba kilichowahi kuwa stoo ya seremala, nyuma ya laini yetu ya nyumba. Kamba yangu ya kuanikia nguo ilifungwa kwenye ukuta wa chumba hicho, ndiyo sababu nilijua mambo yao bila kuyatafuta. Ndani hamkuwa na kiti hata kimoja. Kulikuwa na mikeka, na mito iliyoshonwa kwa magunia ya unga na kujazwa nyuzi mbovu za kiwandani. Mbele, meza fupi, na juu ya meza sanamu ndogo ya shaba ya mtu aliyeketi amekunja miguu, macho yamefumbwa nusu. Huyo ndiye Buddha. Kengele yao ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, kama zile za shule zetu. Watu walikuja jioni wakitoka kazini, wakavua viatu, kengele ikagongwa mara tatu, wakaketi, wakanyamaza. Basi. Hakuna kwaya, hakuna mahubiri, hakuna sahani ya sadaka. Mimi ni mtu wa kanisa. Nilikuwa nikianua shuka zangu nawaona kwa dirisha, najiuliza hawa watu wamekosa nini cha kufanya nyumbani kwao.

Chumba kilianzishwa na mama mmoja wa kutoka Sri Lanka. Mumewe alikuwa msimamizi katika kiwanda cha biskuti huko Industrial Area, na jirani yangu alikuwa akipakia biskuti kiwandani humo. Alivyonieleza, siku moja mashine ilimharibia kazi ya asubuhi nzima, akatoka nje akilia kwa hasira. Yule mama, ambaye alikuwa amemletea mumewe chakula, akamwambia, "Keti kwanza." Akaketi. Hawakusemezana tena mpaka kengele ya kiwanda ikalia.

Hiyo "keti kwanza" jirani aliichukua ikawa yake. Ukimwendea kumwambia mtoto ameanguka kutoka kwa ukuta, "Keti kwanza." Ukimwendea kumwambia mume amerudi amelewa, "Keti kwanza." Siku moja bomba lilipasuka mbele ya nyumba, maji yanaingia kwangu, nikamkimbilia anisaidie kubeba magodoro.

"Keti kwanza, Mama Njoki."

"Nikiketi nitalowa matako, jirani. Shika godoro."

Akashika. Alikuwa na nguvu za mwanamume, na alibeba huku akicheka.

Hakuwa malaika, msidhani. Mdudu hakuua. Akimwona mende jikoni alimfunika kwa kikombe, akapitisha karatasi chini, akamtoa nje kwa adabu kama anamsindikiza mgeni. Mende naye hakuwa mjinga. Akishawekwa chini, alikata kona na kuingia kwangu.

"Jirani! Unanitumia mende?"

"Sikumtuma. Amekwenda mwenyewe."

"Basi huku kwangu kuna ndara. Mwambie."

Lakini huyo huyo aliyemsindikiza mende, mtu akichelewa kufika kuketi, alimfokea mpaka laini nzima ikasikia. "Mlango ukifungwa umefungwa! Uko na saa mkononi ya nini, ya kuvaa harusini?" Halafu anarudi ndani, anaketi, uso umetulia kama maji ya mtungi. Nilimwuliza hasira inakwenda wapi. Akasema haiendi popote, inakaa naye, wanaketi wote wawili.

Na nyama. Walikuwa hawali nyama, angalau wale wa kweli kweli, na chumba chao kiko nyuma ya Burma! Upepo ukigeuka, moshi wa mbavu uliingia kwa dirisha, na panga za bucha zikasikika zikikata mifupa, ta, ta, ta, wao wamefumba macho. Jioni moja ananipita penye kamba, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Leo wamechoma mbuzi au ng'ombe?"

"Si mlikuwa mmetuliza mawazo?"

"Mawazo yametulia. Pua ndiyo haijafundishwa."

Watoto wa esteti, mtaa wetu ule, walimwita Mama Kimya. Walimfuata nyuma wakimwimbia, "Sasa mathe, leo umeongea?" Naye alikuwa amebeba mfuko wa biskuti zilizovunjika, zile wafanyakazi waliruhusiwa kwenda nazo nyumbani, anawagawia bila kusema neno, ili wasikose jambo la kuimba kesho.

Sasa sikilizeni utaratibu wao, maana huo ndio uliomfunga.

Hawakuwa na mwenyekiti wala mwekahazina. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyeagizwa. Anayefagia alifagia kwa kupenda, anayeleta mafuta ya taa alileta kwa kupenda. Na ufunguo wa kufuli ulitundikwa kwenye msumari, ndani, pembeni mwa mlango. Wakimaliza kuketi, yule ambaye moyo wake unamwambia nitafungua kesho anauchukua mwenyewe. Mtu hapewi. Mtu haombwi auchukue. Yule mama wa Sri Lanka aliwafundisha kwamba kazi ya kusukumiwa inamharibu anayesukuma na anayesukumwa. Maneno mazuri kabisa. Mwanzoni, nasikia, waligombania ule ufunguo kama watoto na mpira.

Halafu mume wa yule mama akaitwa kurudi kwao, wakafunga mizigo. Jioni ya mwisho yule mama aliutundika ufunguo, akavaa viatu, akaenda zake bila kuangalia nyuma. Jirani yangu akauchukua. Kesho yake akafungua, akautundika. Wenzake wakamaliza kuketi, wakaanza kuvaa viatu. Mmeshamwona mtu anavyovaa viatu akiwa hataki kutazama kitu kilicho mbele yake? Kamba ya kiatu inakuwa kazi ya kusomea. Mmoja akatoka, mwingine akatoka. Akabaki yeye na msumari. Akauchukua tena. Kesho yake vile vile. Na keshokutwa. Mpaka ikawa wao wanajua atauchukua, na yeye anajua wanajua, na kila jioni ufunguo lazima utundikwe kwanza, kwa sababu ndio utaratibu, ndipo auchukue.

Aliufunga kwa uzi, akauvaa shingoni. Ulimwachia alama kifuani, rangi ya kutu, hata akiwa ameoga.

Kiwanda kilipokuja kupunguza watu, yeye alikuwa miongoni mwao. Nikadhani sasa atakwenda nyumbani, maana nyumbani palikuwepo. Mama yake alikuwa hai, huko Ukambani, peke yake, macho yamefifia mpaka anapika kwa kupapasa. Alikuwa akiniambia habari za huyo mama tukiteka maji mferejini: jinsi anavyomtambua kuku wake kwa sauti, jinsi anavyokataa kuhamia kwa watu. Alitaka kwenda kukaa naye, si kumsalimia na kurudi. Alitaka kumpikia, kumwogesha, kulala chumba kimoja naye mpaka Mungu amchukue. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka duniani, wala hakuwa na lingine. Nairobi hakuwa na mume wala kazi, isipokuwa kushona mashuka ya watu. Alikuwa na ufunguo.

"Si uondoke tu," nikamwambia. "Utundike, uende."

"Na asipouchukua mtu?"

"Mlango utakaa umefungwa."

"Kuna watu hawana mahali pengine pa kunyamaza, Mama Njoki. Kwako kuna watu wangapi chumba kimoja?"

Hapo alinipata. Tulikuwa tumejaa kama viazi.

"Basi waambie! Sema, nimechoka, wewe fulani chukua."

"Hatuambiani. Nikimwambia, nimemsukuma."

"Na wewe nani anakusukuma?"

Akaniaga kwa kichwa, akaenda zake. Kunyamaza alikuwa anajua.

Mimi sikuwa chini ya utaratibu wao, kwa hivyo nilimngoja mmoja wao penye kamba. Alikuwa karani mstaafu wa reli, mtu wa tai na mwavuli, mpole sana, aliyekuwa ameketi pale tangu siku za kwanza.

"Karani, hujambo."

"Sijambo, mama."

"Ule ufunguo unauma?"

Akatabasamu. "Mama, mimi nangoja moyo uniambie."

"Na huo moyo wako unakuja kwa miguu kutoka Mombasa?"

Akainua kofia, akapita. Jioni iliyofuata alizunguka laini nzima ili asipite penye kamba yangu.

Huyo karani ndiye aliyefanya jambo la kufuli. Hili nawaambia mjue nilikuwa nikiona nini kila siku.

Walikuwa na Jumapili moja ya kila mwezi ambayo hawasemi kabisa, kutoka asubuhi mpaka jua linapotua. Hata "nipishe" hawasemi. Wanaketi, wanatembea uani polepole kama watu wanaotafuta sindano, wanaketi tena. Alasiri wakamaliza, wakaondoka kimya kimya. Jirani yangu alikuwa amebaki ndani, nyuma ya pazia ambako wanaweka mikeka, ameinama anakunja. Karani akawa wa mwisho kutoka. Akaona mlango umerudishwa na kufuli linaning'inia wazi. Kwingine mtu angeita, "Kuna mtu ndani?" Yeye hawezi kuita, ni siku ya kunyamaza. Akasikiliza. Ndani kimya, na kimya kwa watu hao hakisemi kama mtu yupo au hayupo. Akafanya wema wake. Akalibonyeza kufuli, ta, akaenda nyumbani ameridhika.

Kufuli liko nje, na dirisha lina wavu wa chuma. Ufunguo uko shingoni mwa jirani yangu, ndani. Na mdomo haufunguki mpaka jua litue.

Akagonga kengele. Nani angekuja? Esteti nzima ilikuwa imeizoea ile kengele. Wanaume waliokuwa wakicheza bao hawakuinua hata kichwa. "Wale wameanza mambo yao." Akagonga tena. Mimi nilikuwa nafua. Nikasikia mara tatu, sawa. Nikasikia inaendelea, nne, tano, inalia ovyo kama mtu anayefukuza nyani shambani. Nikaacha sabuni, nikaenda.

"Jirani! Uko ndani?"

Kimya.

"Nauliza uko ndani?"

Kengele ikalia mara moja.

"Umefungiwa?"

Kengele.

"Na ufunguo uko wapi, mtu wa Mungu?"

Nikasikia kitu kinakwaruza. Chini ya mlango ikatokea ncha ya ufunguo, na uzi wake, unasukumwa kwa vidole. Nikafungua. Alikuwa amesimama, jasho linamtoka, macho yamemtoka. Hakusema asante. Aliunganisha viganja viwili mbele ya kifua, akaniinamia. Nikamwekea ufunguo wake viganjani, akaketi kwenye kizingiti, akaangalia jua.

Jua lilipotua alikuja kwangu mbio. "Asante, Mama Njoki! Na leso yako imeanguka kwenye matope, nimeiona tangu saa ile!"

Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikamwuliza, "Mtu anawezaje kufungiwa ndani na ufunguo ukiwa shingoni mwake?" Akaacha kucheka. Akaniambia ameacha uji motoni, akaenda. Hakuwa ameacha uji.

Wageni waliokuja kujifunza aliwaanzia na mkono. Nilimwona kwa dirisha mara nyingi. "Kunja ngumi," anawaambia. "Kaza. Kaza zaidi. Unasikia inavyouma? Sasa achilia." Na yeye anafungua kiganja chake taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka kinabaki wazi kama sahani. Alikuwa na mikono mizuri kwa jambo hilo. Watu walipumua kwa kumtazama tu. Na akiinama kuwaonyesha, ufunguo unachungulia kwenye shingo ya gauni.

Habari za nyumbani zililetwa na binamu yake, utingo wa basi la Machakos. Mwaka ule wa njaa, tulipokula ugali wa mahindi ya manjano, alikuja akatukuta penye mfereji. Hakukubali hata kikombe cha maji.

"Dada, mama anauliza."

"Anauliza nini?"

"Anauliza umesema unakuja. Sasa hata moto hawashi, anaogopa kuungua. Majirani ndio wanampa chochote. Anasema, nisikie sauti yake tu nyumbani."

"Mwambie nakuja. Akitokea mtu tu."

"Mtu gani?"

"Wa kuchukua ufunguo."

Yule kijana akanitazama mimi, kama kwamba labda mimi ningemtafsiria. "Ni ufunguo wa nini, dada? Wa benki?"

Jioni hiyo jirani alijaribu. Lazima niseme haki. Wenzake walipomaliza kuketi, hakuinuka. Aliutundika, akarudi kwenye mto wake, akaketi akiwatazama, hajafumba macho. Nilikuwa dirishani, sioni haya kusema. Wakavaa viatu. Wakavaa polepole kuliko siku zote. Mwalimu mmoja wa kike alisimama mbele ya msumari, akainua mkono. Akarekebisha kitambaa chake cha kichwa, akatoka. Karani akatoka. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi ya kupenda.

Akakaa pale mpaka giza likaingia. Halafu akainuka, akauchukua.

Sasa niwaambie nilivyomkuta mara ya mwisho pale chumbani.

Mvua ilikuwa imenyesha baada ya ile njaa. Nilisikia kwa mtu wa basi kwamba mama wa jirani yangu amefariki na kwamba anazikwa siku hiyo hiyo. Nikajua amekwenda. Nikasema moyoni, leo mlango utakaa umefungwa, na wataona. Lakini jioni nikiwa naanua nguo nikasikia kengele. Mara tatu. Nikadhani, amepatikana mtu. Nikashukuru hata Mungu wangu.

Nilingoja watoke. Walitoka wakiwa wanasema "pole sana, pole sana" kwa mtu aliye ndani. Nikachukua chupa ya chai, nikaingia. Nilivua viatu, kwa sababu ya msiba.

Alikuwa ameketi kwenye mto wake. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, vimejaa udongo mwekundu, bado mbichi.

"Umetoka kuzika?"

"Tumemaliza mchana. Nikapata basi."

"Hukulala hata usiku mmoja nyumbani kwa mama yako?"

"Ningelala, nani angefungua?"

Nikamimina chai. Hakuishika.

"Walinipokea vizuri," akasema. "Kitanda chake kimefumwa upya kamba. Nikauliza ni nani alifuma. Wakasema ni yeye, kwa kupapasa. Alisema nikija nisilalie kamba mbovu."

Niliangalia ukuta. Ufunguo ulikuwa pale. Wenzake walikuwa wamesema pole, wakavaa viatu, wakapita mbele yake.

Nikainuka, nikauchukua.

Akaniangalia kama nimeiba. "Mama Njoki, wewe huamini mambo yetu."

"Sijasema naamini. Nimesema nimechukua."

"Umenihurumia. Kwa huruma si sawa. Lazima iwe kwa..."

"Jirani, nyamaza. Hilo unaliweza. Nenda nyumbani. Kesho panda basi, uende ukakae kwenu."

Mkono wake ukaenda kifuani, pale penye alama, ukapapasa, haukukuta kitu. Akaniuliza kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu mzima:

"Nikamkute nani?"

Nilitaka kumwambia keti kwanza. Lakini alikuwa ameketi.

Nikamwachia chai, nikatoka na ufunguo nimeukaza kiganjani mpaka unauma. Nyumbani nilimkuta mume wangu na redio yake, watoto na vitabu vyao, sufuria iko motoni na kila mtu anaingoja imwite mwenzake. Nikauweka ufunguo mezani, katikati ya sahani, nikawaambia:

"Njoki, tandika kitanda cha huku mbele, kuna mgeni, jirani yetu, na asiulizwe atakaa mpaka lini. Baba Njoki, zima hiyo redio. Kesho jioni utafungua ule mlango wa nyuma, na keshokutwa atafungua Njoki. Aliyechoka ataniambia kwa mdomo wake, na mimi nitamtaja mwingine kwa jina, na aliyetajwa ataamka aende. Na mtu yeyote asithubutu kupiga msumari kwenye ukuta wa nyumba hii."